Taa za Kaskazini za Mwanza: Historia Fupi ya Matembezi ya Maji Ziwa Victoria



Mwezi uliopita bi harusi mmoja alikuja dukani kwangu hapa Mwanza kujaribisha gauni lake. Nimepiga magoti, pini mdomoni, napanga pindo, yeye ananionyesha simu. Kwenye simu kuna watu wamevaa makoti mazito kama magodoro, wako juu ya boti gizani. Mgongo mkubwa mweusi unatokeza majini, halafu mbingu yote inawaka kijani. "Dada, hiki ndicho ninachotaka kwenye fungate yangu," akaniambia. Nikatoa pini mdomoni nikamuuliza ni wapi huko. Akasema ni Norway, mji unaitwa Tromsø. Akanitajia na nauli. Nikarudisha pini mdomoni.

Usiku nilisoma habari za huko, maana mimi kitu kikinikaa kichwani silali. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua la Tromsø halichomozi kabisa. Mchana wao ni kama magharibi iliyokataa kuisha. Msimu huo samaki wadogo waitwao heringi huingia kwenye ghuba zao kwa makundi makubwa, nyangumi huwafuata heringi, na watalii huwafuata nyangumi. Usiku usio na mawingu, chembe zinazotoka kwenye jua hugongana na hewa ya juu kabisa, mbingu ikang'aa. Hizo ndizo taa za kaskazini. Najua mtauliza kuhusu swala, kwa sababu hata mimi ndilo lililokuwa swali langu la kwanza: mtu asiyeliona jua ataijuaje adhuhuri? Wanazuoni wameshawawekea utaratibu wa kukadiria nyakati, alhamdulillah, hakuna anayebaki bila kuswali.

Ninyi dada zangu wa Unguja na Pemba hamna haja ya kwenda mbali. Nyangumi hupita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba, wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Mafia kuna papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi. Sisi wa Mwanza nyangumi hatuna, ziwa ni la maji baridi. Kisa cha Nabii Yunus tunakisoma tu, samaki wetu mkubwa ni sangara, naye akimmeza mtu itakuwa ni kwa bei yake sokoni.

Lakini taa tunazo. Na ukiwa Mwanza, ziwa liko kaskazini yako. Nilipomwambia bi harusi wangu hivyo alicheka hadi pini ikamchoma. "Zile taa za dagaa? Dada, mimi nimezaliwa Kirumba!" Nikamuuliza kama amewahi kuzifikia kwa boti. Hajawahi. Mama yake je? Hajawahi. Bibi yake, aliyekausha dagaa maisha yake yote? Naye hajawahi. Ndipo nikaona jambo hili lina historia, na ndani ya historia hiyo sisi wanawake tumesimama muda mrefu ufukweni.

Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba 68,800, limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80. Wakerewe, Wakara, Wasukuma, Wahaya na wengineo walilivuka kwa mitumbwi karne na karne bila kumwita mtu mtalii. Mzungu wa kwanza kuliandika, John Hanning Speke, alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora ndio waliowaambia yeye na mwenzake kuwa huko kaskazini kuna ziwa kubwa, wao wakiliita Ziwa la Ukerewe. Aliyekuwa mkalimani wake njiani ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa huru. Speke alilitazama ziwa, akalipa jina la malkia wake, akageuka kurudi Tabora. Hakulivuka. Kwa hiyo mgeni huyo maarufu aliliona kama wanawake wetu walivyoliona, kutoka nchi kavu.

Henry Morton Stanley yeye alikuja na boti yake mwenyewe. Iliitwa Lady Alice, ilikatwa vipande, na wapagazi wakaibeba mabegani kutoka Bagamoyo. Machi 1875 aliiunganisha na kuondoka Kageye, mashariki ya Mwanza, akalizunguka ziwa lote, akarudi Mei. Miaka hiyo hiyo mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Songoro alikuwa akiunda jahazi Ukerewe, kwa mbao za huko huko. Wamisionari wa Kiingereza walilinunua. Desemba 1877 yeye na wamisionari wawili waliuawa kisiwani katika ugomvi na mtawala Lukonge. Nimeyataja kwa sababu watu husema vyombo vikubwa vililetwa ziwani na reli. Jahazi lilitangulia reli.

Reli ndiyo iliyoleta meli za moshi, hilo ni kweli. Meli ya kwanza, William Mackinnon, ilikuja vipande vipande kutoka Mombasa ikaingizwa majini Kisumu mwaka 1900, hata kabla njia ya reli yenyewe haijafika huko mwaka 1901. Zikafuata nyingine: Winifred, Sybil, Clement Hill. Hapo ndipo matembezi ya maji yalipoanza kuwa biashara, mtu analipa nauli ili aone. Winston Churchill, kijana bado, alivuka ziwa kwa Clement Hill mwaka 1907 na akaandika kitabu cha safari yake. Wazungu walikaa daraja la kwanza na viti vya kujinyoosha. Watu wetu walikaa deki pamoja na mizigo na kuku. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, na bandari yetu ikawa njia panda: treni inaleta watu, meli inawachukua.

Hapa niingie nyumbani kwetu kidogo.

Bibi yangu mdogo, ndugu wa bibi mzaa mama, aliolewa Mwanza akitokea Bukoba mwaka 1981. Alikuja kwa MV Victoria. Meli hiyo iliundwa Uskoti, ikasafirishwa vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa na kuanza kazi mwaka 1961, na kwa watu wa Kagera na Mwanza ilikuwa zaidi ya meli. Ilibeba ndizi, kahawa, wanafunzi, maiti, na mabibi harusi. Unapanda Bukoba usiku, unaamka Mwanza alfajiri. Bibi mdogo alilala deki juu ya mkeka, amejifunika buibui jipya, somo wake upande mmoja na kapu la senene upande mwingine. Fungate ya zamani mnaijua: siku saba ndani, maharusi hawatoki, wanapikiwa na kuhudumiwa. Kwa hiyo usiku ule ulikuwa ndio matembezi yake, hakuwa na mengine.

Katikati ya usiku akaamka akaona taa. Siyo moja, siyo kumi. Mstari mrefu wa taa juu ya maji, zinapanda na kushuka taratibu. Akamwamsha somo: "Tumefika Mwanza?" Somo akafungua jicho moja, akasema, "Lala mwanangu, hao ni watu wa dagaa." Anasimulia mpaka leo kuwa aliendelea kuziangalia peke yake, akajisemea moyoni kuwa kama ndoa itakuwa mbaya, angalau mji una taa nzuri. Asubuhi akateremka Mwanza na kukuta mawe.

Sasa niwaeleze taa zenyewe, kwa wale wasiozijua. Dagaa wa ziwani hufuata mwanga. Wavuvi hutoka jioni, wakifika mbali huziwasha taa na kuziweka juu ya vijibao vinavyoelea, zikiwa zimefungwa kamba. Dagaa hukusanyika chini ya mwanga, saa nzima au zaidi. Kisha taa huvutwa polepole kuelekea kwenye mtumbwi, dagaa wakizifuata kama kuku wanavyofuata mwenye mtama, na wavu unapandishwa chini yao. Zamani zote zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zile zinazovuma kama nyuki, mwanga wake mweupe wenye umanjano kwa mbali. Siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Zinang'aa zaidi na hazivumi. Bibi mdogo anasema zimepoteza ladha. Mvuvi anayenunua mafuta kila siku hatakubaliana naye.

Na hapa kuna jambo ambalo watalii hawaambiwi lakini sisi tunalijua bila kuambiwa: kalenda ya taa za dagaa ni kalenda yetu. Mwezi ukiwa mpevu, zile tarehe 13, 14 na 15 tunazofunga sunna, ziwa lote linang'aa kwa mbalamwezi, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Giza likirudi, kuanzia kama tarehe 20 ya mwezi wa Kiislamu mpaka mwezi mchanga unapoanza kupata nguvu, taa hurudi. Bi harusi akiniambia anataka kuziona, siangalii kalenda ya ukutani ya benki. Namuuliza: mwezi umeandama lini?

Tahadhari moja ya kishonaji. Siku hizo za mwezi mwandamo ndizo pia wadudu wadogo wa ziwani huibuka. Mchana ukiwaona kwa mbali utadhani kuna moto majini, nguzo za moshi zinapanda mpaka mawinguni. Ni wadudu, mamilioni kwa mamilioni. Hawaumi, lakini hupenda mwanga na hukwama kwenye neti. Nimewahi kuletewa shela nyeupe ya bi harusi imejaa vidoa vyeusi, nikakaa siku mbili naipangusa kwa brashi. Shela ya kwenda ziwani isiwe ya neti.

Mama zetu walikuwa wapi wakati wote huo? Ufukweni. Dagaa akifika nchi kavu ni kazi ya wanawake: kumwanika mchangani, kumgeuza, kumkimbiza mvua ikija, kumpeleka Mwaloni Kirumba ambako wanunuzi hutoka hadi Kongo. Biashara hii imesomesha watoto wengi, mimi nikiwa mmojawapo, kidato cha nne na ada ya kozi ya ushonaji. Lakini mtumbwi wenyewe mwanamke hapandi. Nilipokuwa mtoto kwa ndugu zetu Ukerewe niliambiwa mwanamke akivuka tu juu ya wavu uliotandazwa, usiku huo wavuvi hawapati kitu. Nililiamini hilo hadi nikiwa mkubwa. Leo mwanamke anaruhusiwa kuzifikia taa akilipa boti ya matembezi. Mwenye kuanika dagaa bado yuko ufukweni.

Matembezi ya kwanza ya maji yaliyokuwa yetu, ya familia za kawaida, naweza kusema yalikuwa Saanane. Kisiwa hicho kidogo cha mawe kiko kwenye Ghuba ya Mwanza, kama kilomita mbili kutoka mjini, na kimechukua jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikimiliki. Mwaka 1964 serikali ilikifanya bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka uliofuata Rubondo, kule mbali zaidi, ikawa pori la akiba, na kati ya mwaka 1966 na 1969 wakaletwa sokwe huko kutoka Ulaya, sokwe waliokulia kwenye vizimba na sarakasi wakarudishwa msituni. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Saanane ilisubiri hadi mwaka 2013.

Sikukuu ya Idi kwetu ilikuwa Saanane. Baada ya swala na pilau tunavishwa magauni ya kitambaa kimoja, mimi na dada zangu, mama amenunua jora kwa punguzo, tunapelekwa kupanda boti. Dakika chache tu majini, lakini kwangu ilikuwa Makka na Madina kwa pamoja, Allah anisamehe. Kisiwani kulikuwa na pimbi juu ya mawe, mijusi mikubwa ya bluu na kichwa chekundu, na nyani wasio na adabu. Nakumbuka gauni la mwisho nililovaa kwenda huko nikiwa mdogo. Lilikuwa la njano, lenye mkanda nyuma. Ilikuwa Idi ya mwaka 1996, mwezi Februari.

Tarehe 21 Mei mwaka huo MV Bukoba ilipinduka na kuzama, ikitokea Bukoba, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Watu walikuwa wameshaanza kufunga mizigo yao wateremke. Zaidi ya watu 800 walikufa. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi wamezikwa Igoma, na mnara uko hapo, ukipita barabara ya Musoma utauona. Sikuelewa mengi wakati ule. Ninachokumbuka ni maduka ya vitambaa ya mjini kuishiwa bafta nyeupe, na mama kurudi na kanga mbili za zamani na kuzikata yeye mwenyewe mezani, kimya, kwa ajili ya nyumba ya jirani. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona mtu akikata kitambaa bila kupima.

Nikiwa mkubwa nilijifunza jambo lililonikaa kuliko idadi ya vifo. Meli ile ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo, watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Yaani wale wa deki, wa mkeka na kapu, waliokaa pale alipokaa bibi yangu mdogo na shela yake mwaka 1981, hawakuandikwa popote. Ndiyo maana mpaka leo idadi inatajwa tofauti tofauti. Mimi ni fundi cherehani. Nina daftari, na kila aliyeingia dukani kwangu tangu nilipofungua nina jina lake, bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mteja wa shilingi elfu tano ya kupunguza sketi nimemwandika. Sikuweza kuelewa, na bado siwezi, kwamba mtu apande meli na asiandikwe.

Tarehe 20 Septemba 2018 ikajirudia. Kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio, kikielekea Ukara. Nafasi yake ilikuwa watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kufika, ufukweni watu wanaona. Waliookolewa ni 41. Waliokufa ni zaidi ya 220. Hapo pia hakuna aliyejua tangu mwanzo walikuwa wangapi, walihesabiwa wakitolewa majini. Siku mbili baadaye fundi mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, subhanallah.

Nawaeleza haya, dada zangu mnaojiandaa na harusi, kwa sababu matembezi ya boti sasa yameingia kwenye ratiba za shughuli zetu. Usiku wa hina majini, picha majini, fungate visiwani. Ni mazuri, siyapingi. Lakini yaliyonikuta mwenyewe niyaseme.

Miaka michache nyuma nilimshonea bi harusi na wasindikizaji wake sare. Wakakodi boti ya mtu binafsi, jina lake nalihifadhi, tukazunguke ghubani jioni kwa picha. Boti imeandikwa ubavuni watu kumi na tano. Sisi tulikuwa ishirini na nane, na watoto watatu wa kupakata. Maboya yalikuwa tisa, mawili hayana mkanda. Nikauliza. Mwenye boti akasema, "Dada, ni hapo tu, hatuendi Ulaya." Nikasema basi twende mara mbili. Akasema mafuta. Nikasema mimi siingii, na waliovaa nguo nilizoshona mimi nawajua uzito wake. Gauni lile lilikuwa la satini, bitana mbili, mkia wa mita mbili na nusu. Likilowa maji, mwanaume mwenye nguvu atatafuta pumzi kulibeba. Wasindikizaji sita wakateremka pamoja nami. Mama wa bi harusi akanijia juu: nimeharibu shughuli, nimeleta mkosi kwenye siku ya heri. Bi harusi akalia, wanja ukamchuruzika. Mwishowe picha zilipigwa ufukweni kwenye mawe.

Boti ile ilipata wateja wengine dakika kumi baadaye. Walijaa vile vile. Walikwenda, wakazunguka, wakarudi salama wakiimba. Mama yule mpaka leo akinikuta Makoroboi sokoni ananipa mkono wa vidole viwili. Sina cha kumjibu, kwa sababu hakuna kilichotokea. Ndivyo ilivyo, boti iliyojaa hurudi salama mara tisini na tisa, na kila aliyerudi anakuwa shahidi wa mwenye boti.

Tangu siku hiyo kuna mambo nimebadili kazini. Gauni la bi harusi anayekwenda majini nalishona mkia wa kubandua, kwa kulabu nane, anaubandika ufukweni kwa picha na kuuacha kwenye mfuko kabla ya kupanda. Bitana inakuwa moja. Boya linavaliwa juu ya abaya au gauni, kamba zake zifungwe kifuani, na shela inaingizwa ndani ya kola isije ikaficha uso. Bi harusi mmoja aliniomba nimfiche boya ndani ya gauni ili picha zitoke vizuri. Nilikataa. Boya la ndani ya gauni linanyanyua gauni, mwenye gauni anabaki chini. Vyombo vilivyokaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini tangu mwaka 2018, vina cheti na idadi ya watu. Omba ukione kabla ya kulipa utangulizi. Mwenye chombo kizuri haoni tabu kukuonyesha. Ile dua ya Nabii Nuh ya kupandia chombo, iliyomo katika Surat Hud aya ya 41, isomeni pia, baada ya kuhesabu maboya.

Na usiku uwe na mpaka. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu pande zote kwenda ziwani, hewa ikakutana katikati na kupanda, na radi ikaanza. Ukikaa kwenye vilima vya Mwanza usiku utaona kaskazini mbingu inamulika bila sauti, mbali sana. Wageni huona ni urembo. Wavuvi wanaona saa ya kurudi. Ukiona kaskazini panamulika, hata kama umelipia saa tatu, mwambie nahodha ageuze.

Meli zimerudi, tumshukuru Mungu. MV Victoria iliyosimama tangu mwaka 2014 ilikarabatiwa ikaanza tena safari za Bukoba mwaka 2020. MV Mwanza, meli kubwa ya kubeba abiria 1,200, magari madogo 20 na tani 400 za mizigo, iliingizwa majini hapa hapa Mwanza Februari 2023. Na pale Kigongo hadi Busisi, tulipokuwa tukisubiri kivuko saa nzima na biashara zetu zikichacha, daraja la kilomita tatu lilizinduliwa Juni 2025. Nimelipita kwa gari na vitambaa vyangu vya Geita, dakika chache tu. Nilisikia uchungu kidogo wa kukosa upepo wa kivuko, nikacheka mwenyewe.

Bi harusi wangu wa Norway alikuja juzi kuchukua gauni. Video ya nyangumi bado iko kwenye simu, na mume mtarajiwa ameahidi kuwa iko siku, inshaallah. Kwa sasa ameamua kitu kingine: kabla ya nikaha, yeye na wanawake wa nyumbani kwao watakwenda kuzifikia taa za dagaa. Mama yake na bibi yake wa Kirumba wakiwemo. Tumechagua tarehe 26 ya mwezi wa Kiislamu, kuondoka baada ya magharibi, kurudi kabla ya saa nne usiku. Boti ina cheti cha watu kumi na mbili. Wao ni kumi. Majina nimeyaandika mimi kwenye daftari langu, chini ya vipimo vya gauni, na nakala anaachiwa kaka yake nyumbani.

Jana nilimsimulia bibi mdogo kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado kuna nafasi. Nikamwambia zimebaki mbili. Nimeandika jina lake, na nafasi ya kumi na mbili nimejiandika mwenyewe.